Siku ya Kugusa

Mimi sipendi mtu anayebisha hodi kwa ufunguo. Murunga alikuwa anagonga mlango wangu na ufunguo wa pikapu, ko-ko-ko, na majirani wote pale Huruma walishaujua huo mlio. Wakiusikia tu wanatoka nje kuanika nguo ambazo zilishakauka.

"Mama Waweru, habari ya leo?" Alikuwa mtu wa heshima, hilo sitamnyima. Alifanyia kazi duka la haya-pachesi kule mjini, lile la kuchukua kitu leo na kukilipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwezi ukipita hujalipa, unamwona yeye. "Meneja amesema mwisho wa mwezi huu ndio mwisho. Usipolipa, nakuja kubeba cherehani."

"Cherehani? Na si nimelipa karibu yote!"

"Ndiyo, Mama. Lakini mkataba ni mkataba. Ikirudi dukani, hizo umelipa zimepotea." Akaangalia viatu vyake. Aliona haya kuliko mimi.

Hebu nikueleze cherehani ilikuwa nini kwangu. Hiyo ilikuwa Novemba ya mwaka wa themanini na nne, mwaka ule wa ukame tuliokula unga wa njano hadi watoto wakasahau ugali una rangi gani. Kiwanda cha mbao alichofanya kazi mume wangu Kinyanjui kilikuwa kimepunguza shifti, na mshahara ukapungua nayo. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na mwalimu mkuu wa shule ya hapo karibu alikuwa ameniahidi kazi ya kushona yunifomu za shule nzima. Shule nzima! Kazi kama hiyo sikuwahi kuipata tangu nizaliwe. Bila cherehani ningeshona na nini, na meno?

Na cherehani haikuwa peke yake. Sofaseti ilikuwa ya duka lile lile. Redio ya kaseti pia. Hiyo Kinyanjui aliileta jioni moja ameibeba begani akiimba, na mimi nikamwuliza kama tutapika betri. Unga na sukari tulikopa kwa Macharia, mwenye duka la kona. Maziwa tulikopa kwa Chepkoech wa Moiben, aliyeleta kila asubuhi na ambaye alishaacha kuuliza pesa kwa sababu ya haya. Nikipata kitu cha Macharia nampa Murunga. Nikipata cha Chepkoech nampa Macharia. Nilikuwa nachimba hapa nifukie pale, na kila mmoja ana tarehe yake na maneno yake. Nilichoka, nakwambia. Hata usingizi nilikuwa nakopa.

Tegemeo langu lilikuwa kikundi chetu cha wamama, Tuinuane. Kila mwezi kila mtu anatoa mchango, na pesa yote inaenda kwa mmoja. Zamu ya mwezi huo ilikuwa ya Aketch anayeuza samaki sokoni. Nilimwendea nikamwomba tubadilishane, yeye achukue yangu ya Februari.

"Chukua," akasema, hata sijamaliza. "Kabati yangu itangoja. Haikimbii."

Lakini kikundi kilikuwa na sheria moja ngumu, ya mwenyekiti wetu, Mama Jepkemboi. Pesa ya kikundi lazima inunue kitu kinachoguswa. Iwe mabati, sufuria, kitanda au mbuzi, shauri yako, bora kiguswe. Wiki mbili baada ya kupewa pesa, wanachama wote wanakuja kwako. Mama Jepkemboi anaweka mikono yote miwili juu ya hicho kitu, wengine wanafuata, halafu ni vigelegele. Siku hiyo tuliiita siku ya kugusa. Na sheria haikuanza bure. Kuna mama mmoja ambaye pesa yake ilichukuliwa na mumewe, ikaenda mpaka Turbo, ikarudi imelewa.

Kinyanjui aliposikia nataka kuwaambia wanawake madeni yetu, alishika kichwa.

"Mama Waweru, usinianike. Lipa madeni kimya kimya. Ile siku yao ikifika, azima sufuria kubwa ya dada yako kule Soy, waguse hiyo."

"Ati niazime! Kwani hii nyumba haijajaa vitu vya kuazima?" Nilimwambia mengine ambayo sitarudia hapa. Akavaa kofia akatoka.

Anayepokea ndiye anakaribisha, kwa hivyo wamama walikuja kwangu Jumamosi. Nilichemsha chai, wakajaa kwenye sofaseti mpaka mikononi mwa viti. Mama Jepkemboi akauliza, kama kawaida, pesa itanunua nini.

"Ninataka kulipa madeni," nikasema, nikayataja yote, moja moja.

Muthoni, mweka hazina, ambaye hajui kumeza kicheko, akasema, "Na siku ya kugusa tutagusa nini, Mama Waweru? Deni lina mkia?"

Wakacheka wote isipokuwa Chepkoech, ambaye naye alikuwa mwanachama na alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, na Mama Jepkemboi. "Sheria ni sheria," Mama Jepkemboi akasema. "Deni likilipwa halionekani tena. Kesho mwingine atakuja aniambie naye amelipa deni, kumbe mzee wake amekunywa. Nitamjibu nini? Nunua kitu."

Hapo damu ikanipanda. "Simameni!"

"Nini?"

"Simameni nyote! Tokeni kwa hiyo sofa!"

Wakasimama, vikombe mkononi, wakinitazama kama nimepagawa. Nikaanza kuwaonyesha kwa kidole. "Hiyo mlikuwa mmekalia si yangu, ni ya duka. Hicho kikombe ni changu, lakini maziwa ni ya Chepkoech, huyo hapo amenyamaza, na sukari ni ya Macharia. Redio ile, ya duka. Cherehani hii nakula nayo, mwisho wa mwezi inapanda pikapu, na kazi ya Januari inaenda kwa mtu mwingine. Kitu changu katika hii nyumba ni watoto na hii hasira, basi!"

Mama Jepkemboi alitaka kuweka kikombe mezani, akasita. "Na meza pia?"

"Pia."

Akainama akakiweka sakafuni, polepole, na tangu hapo hakukaa tena.

"Muthoni," nikasema, "wewe ulinunua kabati. Ilikuwa dukani, ukalipa, ikaja kwako, tukaigusa. Sivyo? Sasa mimi pia nanunua. Nanunua cherehani, nanunua sofa. Tofauti ni moja tu: vyangu vimetangulia kufika."

Hakuna aliyecheka. Aketch alipiga makofi mara moja, akajiona yuko peke yake, akaacha.

"Na ukishawalipa hao," Mama Jepkemboi akauliza, "hutakuwa na deni?"

"Nitakuwa na moja. Lenu. Mchango wangu wa kila mwezi hadi mzunguko uishe. Mahali pamoja, siku moja, na watu ninaojua nyumba zao."

"Na sisi tunaijua yako." Akafunga leso vizuri kiunoni. "Haya. Jumatatu tunaenda pamoja. Na siku ya kugusa nitakuja, Mama Waweru. Nisipopata cha kugusa, utarudisha kila senti."

Mimi nilidhani akisema "tunaenda pamoja" anamaanisha yeye na Muthoni. Wee! Jumatatu asubuhi walikuja wote. Tulipita kwanza kwa Macharia, tukamlipa, akatoka nje ya kaunta kunisalimia kwa mkono, mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa ananiongelesha akipanga sabuni. Chepkoech alilipwa hapo hapo barabarani. Alianza kusema yeye angengoja kidogo, Muthoni akamfunga pesa kwenye pembe ya leso kwa nguvu.

Tulipoingia duka la haya-pachesi, meneja, kijana mwenye tai pana, alifikiri ni maandamano.

"Tumekuja kununua," Mama Jepkemboi akamwambia.

Uso ukamng'aa. "Karibuni sana, wamama! Mnanunua nini?"

"Cherehani na sofa."

"Zipi?"

"Zile ziko kwa Mama Waweru."

Kijana akapiga hesabu, akataja pesa. Mama Jepkemboi akatikisa kichwa. "Hiyo umeweka faida ya miezi ambayo bado. Sisi tunalipa yote leo. Hiyo miezi hutatungoja, unatudai kungoja gani?"

"Mama, ni utaratibu wa duka."

"Sawa." Mama Jepkemboi akachagua kochi la bei ghali kuliko yote, lile la mahameli nyekundu bado liko na nailoni, akajiachilia juu yake na kikapu chake cha sukuma wiki. "Wamama, kaeni. Meneja anafikiria."

Tukakaa. Aketch alipanda kitanda kabisa, akavua viatu, na unajua mtu wa samaki ananukia nini. Wateja walikuwa wanafika mlangoni, wanaona, wanarudi. Meneja alifuta jasho, akaingia ofisini, akatoka, akaingia tena. Murunga alikuwa amesimama nyuma ya kaunta anatazama dari, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mwishowe kijana akapunguza, na si kidogo. Murunga ndiye aliyeniandikia risiti, akaipiga muhuri kwa ngumi mpaka meza ikalia.

"Mama Waweru," akaninong'oneza, "sasa nikija kwako nitabisha kwa mkono."

Nilitoka mle ndani nikijisikia mrefu. Haki ya Mungu, nilitamani kukutana na watu ninaowajua. Lakini pesa ilikuwa imeisha, na redio ilibaki. Jioni nilimwambia Kinyanjui ukweli: yote yamekwisha isipokuwa hiyo, na kwa sababu ya hiyo Murunga atarudi tena mwezi ujao. Sikugombana. Furaha niliyokuwa nayo haikuacha nafasi ya kugombana. Yeye alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, akaizima redio.

Kesho yake nilimkuta mlangoni ameibeba begani, vile vile alivyoileta.

"Baba Waweru, unaenda wapi?"

"Narudisha. Nimeuliza, wakipokea deni linakwisha. Zile nilizolipa wabaki nazo."

Nilijua alivyoipenda. Mpira wa Jumamosi, majirani wanajaa, yeye ndiye anayeshika kile kidude cha sauti. Nilitaka kumwambia angoje nishone yunifomu, tutaikomboa. Akanikatiza. "Wewe umelipa vyako. Acha nilipe changu." Akaenda, na mara hii hakuwa anaimba.

Siku ya kugusa ilifika. Nilipangusa mpaka miguu ya viti. Vitambaa vya yunifomu vilikuwa vimerundikwa ukutani, kwa maana mwalimu mkuu alishaleta, na nilikuwa nimeshaanza. Kinyanjui, ambaye siku kama hizo hutoroka, alikaa. Alivaa koti lake la kanisani akasimama karibu na dirisha.

Mama Jepkemboi aliingia wa kwanza, hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwa cherehani, akaweka mikono yote miwili juu yake, akafumba macho. "Hii?"

"Yangu," nikasema.

Vigelegele! Akaenda kwa sofa. "Na hii?"

"Yangu."

Akaikandamiza, halafu akageuka na kukaa, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, akaweka na miguu mbele. Akaomba chai. Kikombe akakiweka mezani kwa kishindo ili sote tusikie.

"Lakini ulisema unga wa Macharia," akasema. "Unga umelipiwa, pesa ya kikundi imeenda. Uko wapi niuguse?"

Muthoni akaanza kucheka. Mimi sikutafuta mbali, nikamvuta Waweru, kifungua mimba wangu, nikamsimamisha mbele yake. "Huyu hapa."

Mama Jepkemboi akamshika mashavu yote mawili, akayavuta mpaka mtoto akapiga kelele. "Unga upo!" akatangaza. "Na maziwa yapo! Chepkoech, njoo uone!" Chepkoech akaja akamgusa, na mwingine, na mwingine, maskini mtoto wa watu akaguswa kama mbuzi wa mnada.

Nilifikiri tumemaliza. Lakini Mama Jepkemboi si mtu wa kumaliza haraka. Macho yake yalizunguka chumba, yakasimama kwenye rafu karibu na dirisha. Pale redio ilipokuwa, ukuta ulikuwa na alama ndogo ya rangi mpya, yenye pembe nne, na mbele yake hakuna kitu.

"Na pale palikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo, lakini Kinyanjui akanitangulia. "Palikuwa na redio, Mama. Pale nililipa mimi." Kofia alikuwa ameikunja mkononi hadi ikawa kamba.

Mama Jepkemboi akainuka kutoka kwenye sofa yangu. Akamkaribia, akampita, akaweka mikono yake yote miwili juu ya ile rafu tupu. Alikawia pale kuliko alivyokawia kwa cherehani na sofa na mtoto.

"Nimegusa," akasema. "Njooni mguse."

Wakapanga foleni, wote, Aketch na samaki zake, Muthoni bila kicheko, wakagusa pale pasipo na kitu, mmoja baada ya mwingine. Halafu vigelegele vikatoka, na vilikuwa vya nguvu kuliko vya kwanza, mpaka majirani wakatoka nje na nguo zao kavu. Mimi nililia bila haya, mbele yao wote. Kisha nikaenda kusimama kwenye foleni, nyuma ya Chepkoech, ili na mimi niguse.