Anwani Zote za Sista

Simu ya kaka yake ilimkuta Mama Waya amejikunja chini ya meza ya ofisi, kipande cha waya kimebanwa menoni.

"Dada, mama kachukuliwa na polisi."

"Mama yupi?"

"Mama yetu! Wanasema katapeli watu mtandaoni."

Mama yao ni muuguzi mstaafu, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Sista. Simu yake ni ya vitufe, na hata hiyo akiona imelia mara mbili mfululizo huizima kwa kuona inamchokoza. Mtandao anaujua kwa jina tu, kama jirani asiyewahi kumwamkia. Mama Waya aliacha kila kitu kama kilivyo, akakwapua kompyuta yake ya mkononi na kutoka mbio, bisibisi ingali mfukoni.

Kituoni alimkuta Sista kwenye benchi la ukutani, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama yuko zamu wodini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu waulize hawa, mimi na kompyuta tumejuana lini?"

Mpelelezi, mtu mwenye macho ya kukosa usingizi, hakutaka ubishi. Alimsogezea Mama Waya karatasi. Kulikuwa na duka la mtandaoni lililouza majokofu hewa, watu wamelizwa, na polisi wamefuatilia mpaka kwenye anwani ya mtandao, ile namba inayotambulisha mtambo. Wakaitafuta anwani hiyo kwenye daftari la msajili wa kanda, anayezigawa. Akatokea Sista, majina matatu, nyumba na simu.

"Tena si hiyo moja," alisema mpelelezi. "Ni maelfu. Bibi huyu ana anwani nyingi kuliko chuo kikuu."

Mama Waya aliisoma ile karatasi. Anwani zilikuwa za kwao. Yeye na mumewe wana kampuni ndogo ya kuunganisha watu na mtandao. Msajili huwapa fungu la anwani, na kila wanapomkatia mteja sehemu yake ni lazima watoe taarifa: sehemu hii kapewa fulani, anapatikana hapa, ili pakitokea uchafu ijulikane mlango wa kubisha. Ni kazi ya kuchosha kama kuchambua mchele, na Mama Waya aliifanya kwa uaminifu mpaka alipojifungua.

Hapo ndipo mumewe, anayeitwa Injinia na kila mtu ingawa alichosomea ni mauzo, alipomwambia, "Pumzika mke wangu. Taarifa za msajili niachie mimi." Jamani! Mwanamume ambaye hajawahi kujitolea hata kubeba ndoo. Mama Waya alimshukuru Mungu, akamsifia mumewe kwa mashoga zake mpaka wakamchoka. Hata aliporudi kazini, Injinia aliing'ang'ania kazi ile, naye akaona ni mapenzi.

"Sasa tufanyeje, afande?"

"Daftari la msajili linasema ni yeye. Likisema vingine, nikamjua mteja wa kweli, nitamwachia. Siwezi kumwambia mkubwa wangu nimemwachia kwa kuwa ana sura ya huruma."

Mama Waya alimpigia mumewe. Injinia aliingia akinukia manukato, meno yote nje.

"Shikamoo mama. Pole kwa huu usumbufu mdogo."

"Marahaba, baba," Sista alimjibu taratibu, kwa kuwa mkwe ni mkwe.

"Uliandika jina la mama yangu?" Mama Waya aliuliza.

"Usipandishe, mke wangu. Daftari lile liko wazi kwa dunia nzima. Wapinzani wetu wakilisoma watawajua wateja wetu wote, kesho wanawabeba. Nikaona niwafiche wote chini ya mtu mmoja. Mtu wa heshima zake."

"Wote?"

"Wote. Na msajili mwenyewe hajalalamika."

"Hajalalamika! Barua zake zinaenda wapi?"

"Kwa mama. Yaani, kwenye sanduku la barua pepe nililomfungulia."

"Na malalamiko ya waliotapeliwa?" mpelelezi aliuliza, safari hii kaacha kuandika.

"Humohumo. Yanaingia, yanatulia. Wateja wengine, afande, hawapendi maswali mengi."

Kumbe! Wapinzani walikuwa kisingizio tu. Hasira zilimpanda Mama Waya mpaka masikio yakawaka. Muda wote huo alikuwa akijigamba kwamba mtandao wao ni msafi, hawapati lalamiko hata moja, kumbe malalamiko yote yalikuwa yakimwagwa mlangoni kwa mama yake.

Alichomoa waya wa birika la mpelelezi, akachomeka kompyuta yake na kukaa kwenye kona ya meza. Alianza na sehemu ya wale wa majokofu.

"Nani huyu?"

Injinia alilitaja jina la mteja kama anang'olewa jino. Mama Waya akaliandika. Wateja wengine angewamaliza leo hiihii, hata kwa kukosa chakula. Kisha akafika pale panapotakiwa mtu mmoja wa kupokea malalamiko ya fungu zima na kuyajibu. Napo palikuwa na Sista.

"Hapa naandika nani?"

Injinia alitazama dirisha. Akatazama viatu vyake. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, tamu, ileile aliyoitumia siku mtoto alipozaliwa:

"Si uweke la kwako tu, mke wangu? Wewe ndiye unayewaweza watu hawa."

Mama Waya alimgeukia, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Alitamani kulia, na kule kutamani kulia kukazidi kumuudhi. Miaka yote hiyo kalala kitanda kimoja na mtu ambaye wakibisha hodi atamsukuma mkewe akafungue, na mke asipokuwepo, atamsukuma mama mkwe. Kwenye benchi Sista alikohoa kikohozi chake cha wodini, kile kilichokuwa kikiwanyamazisha hata madaktari.

Mama Waya aliandika majina matatu ya mumewe na namba yake ya simu, akatuma. Ukurasa wa msajili ulizunguka, ukazunguka, ukakubali. Mpelelezi alilifungua daftari upya kwenye kompyuta yake, akasoma kwa kufuata kidole.

"Haya, Sista, nenda nyumbani. Wewe Injinia, usiondoke."

Injinia alimtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa anakunja waya wa kompyuta, na aliukunja vizuri, bila haraka. Sista aliinuka, akajikung'uta gauni, akapigapiga kwa kiganja pale alipokuwa amekaa.

"Njoo ukae, baba," alisema. "Nimeshakupashia joto."