Mama wa Kambo wa Kwenye Tivii

Nilimpokea binti wa mume wangu akiwa bado anatambaa, mama yake mzazi alipofariki. Nilimfundisha kushika kijiko. Alipougua kifua nililala naye wodini, sakafuni. Aliniita mama, basi.

Kisha ikaja tamthilia ya wifi.

Wifi, dada wa mume wangu, huandika michezo ya televisheni. Safari hii aliandika mama wa kambo anayemtilia mtoto sumu kwenye uji, kidogo kidogo. Mji mzima ukapagawa. Kwenye saluni yangu wateja waliiangalia huku nikiwasuka. "Hawa mama wa kambo ni nyoka," mmoja akasema, kisha akakumbuka kichwa chake kiko mikononi mwa nani. "Si wewe lakini, dada." Nikaukaza ule msuko mpaka akatokwa machozi.

Binti alipoanguka kwenye ngazi za shule akavunjika mkono, nesi alinitoa nje, akafunga mlango, akamuuliza nani kamsukuma. Mwalimu naye akawa anamkagua mgongo. Nikameza uchungu. Nikajiambia wanamjali mwanangu.

Jioni moja nikampelekea uji. Akauinua mdomoni, akasita, akaunusa.

"Una nini?"

"Hakuna, mama." Akakirudisha kikombe mezani. "Onja wewe kwanza."

Nilikwenda kwa wifi hivyo hivyo, na kanga ya jikoni. Nikamkuta anaandika.

"Wifi, mtoto ananusa uji wangu."

"Jamani! Ile ni hadithi tu, kila mtu anajua."

"Mtoto wa kaka yako hajui."

"Sasa nikiandika mama wa kambo anayekagua madaftari, nani ataangalia?"

"Kwa hiyo unajua tupo wa hivyo."

Akatazama pembeni. "Watu walikuwa na hofu hiyo kabla yangu."

"Walikuwa nayo. Wewe ndiye uliyeipa sura na sauti. Umekula kwangu miaka yote hii, ukaona kila kitu, ukachagua sumu! Inuka. Twende ukamwambie mwenyewe."

Alikuja. Alimketisha binti, akamweleza kwamba yote aliyatunga.

"Shangazi, umewahi kumwona?" binti akauliza.

"Nani?"

"Mama wa kambo anayetia sumu."

"Hapana."

"Sasa ulijuaje?"

Binti akanisogelea, akajibanza ubavuni mwangu, mkono wa plasta ukinichoma mbavu. Uji ulikuwa umeshapoa. Hakuna aliyeunywa.

Tamthilia haikufutwa, ilirudi na msimu wa pili. Siku ilipoanza, nilikuwa na wateja watatu saluni. Nikachomoa waya wa tivii.

"Ah, dada! Ndiyo kwanza inaanza!"

"Anayetaka kuiangalia akasukwe kwingine."

Wawili waliondoka, mmoja kichwa kimesukwa nusu. Sikumwita.