Sukari Kwenye Samaki

Fundi alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kuchemsha hata yai. Mkewe alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu, mwanamke aliyelisha wanafunzi mia nne kwa siku, kisha akarudi nyumbani kumlisha na yeye. Basi moyo wa mama huyo ulipopanuka, na daktari akawaambia wazi kwamba dawa zitamsaidia lakini hazitamponya, Fundi alifunga karakana, akavaa aproni ya mkewe, akaingia jikoni kama mtu anayeingia mahakamani.

Kitanda walikihamishia sebuleni, mkabala na mlango wa jiko, ili mgonjwa asijione mpweke. Hapo Fundi alijikaanga mwenyewe. Mkewe aliamuru kutwa nzima: kitunguu kinaungua, geuza, huo si mchuzi, ni maji ya kunawa. Alipomwona anapima karoti kwa futi kabla ya kukata, alimuuliza kama anapika au anaunga kabati.

Fundi hakubishana. Kwa kuwa hakujua kitu kinaiva lini, alipima muda kwa nyimbo za kanisani: mboga beti mbili, samaki beti sita, viazi wimbo mzima pamoja na sala. Aliomba huku akikoroga. Alimwomba Mungu ampe mkewe nguvu, kisha kwa sauti ya chini akauombea na wali usishike chini.

Chumvi ilikuwa marufuku. Fundi aliitoa yote ndani akampa jirani, akabaki na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mwanzoni mkewe alikula vijiko vitatu na kugeukia ukutani. Halafu wiki moja, ghafla, akaanza kukwangua sahani. Fundi alifurahi mno hata Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda.

Alhamisi akaja muuguzi, kama kawaida yake. Alibonyeza mguu wa mgonjwa, uliokuwa umevimba, kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale.

“Mzee,” alisema, “huyu anakula chumvi.”

Fundi alikana kwa jina la Mungu. Muuguzi akamtazama vile wanavyotazamwa watu wanaosema wameacha pombe.

Kesho yake, dada yake Fundi alipokuwa bafuni akimwogesha wifi yake kama alivyofanya kila asubuhi, Fundi alibadilisha shuka. Ndani ya foronya akakuta chupa ya dawa ya kikohozi, imekauka, ina unga mweupe hadi shingoni. Kibandiko kilisema kutwa mara tatu. Alilamba kidogo. Ilikuwa chumvi, na hapakuwa na haja ya kuuliza nani aliileta, maana mgeni wa kila siku alikuwa mmoja tu.

Aliketi kitandani na ile chupa mkononi. Kwanza alipandwa na hasira, kisha akaingiwa na hofu, kisha, Mungu amsamehe, akatabasamu. Alikwenda jikoni akamwaga chumvi, akatwanga sukari mpaka ikalainika, akaijaza kwenye chupa ile ile na kuirudisha ndani ya foronya.

Mchana alipika samaki. Alimpa mkewe mgongo na kumchungulia kwenye kioo cha kabati. Chupa ilitoka, ikatikiswa, ikarudi. Mkewe alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna.

Fundi aliuliza kwa upole kama kuna tatizo.

“Hapana,” alisema mkewe. “Samaki mtamu.”

“Namshukuru Mungu.”

Jioni ile mkewe alikula maharage matamu, na kesho yake supu tamu, bila kusema neno, kwa sababu kulalamika kungekuwa kukiri. Siku ya tatu, wifi yake akiwa amesimama mlangoni, aliomba aongoze yeye sala ya chakula.

“Ee Bwana,” alisema, “msamehe mtu aliyetia sukari kwenye chakula cha mgonjwa.”

Fundi hakufumbua macho. “Na umsamehe aliyeficha chumvi kwenye chupa ya dawa. Pamoja na wifi yake.”

“Amina,” alisema dada mtu, haraka haraka.

Walicheka wote watatu, mpaka kicheko cha mgonjwa kikageuka kikohozi kisichokatika. Fundi alimwinua, akamwegemeza kifuani, akahesabu pumzi zake hadi zikatulia.

“Kila kitu nakatazwa,” mkewe alisema baadaye, taratibu. “Nilitaka kimoja tu cha kuiba.”

“Iba kingine chochote,” Fundi alisema. “Nitukane, kitupe chakula changu. Ila uwepo.”

Mkewe aliagiza abebwe hadi jikoni.

Wakamweka kwenye kiti chenye mito miwili, na kuanzia siku hiyo akamfundisha Fundi kila kitu: namna ya kuacha nyanya ziive polepole mpaka zitoe zenyewe ladha yake, na namna ya kuonja kwa kusubiri. Miguu ilipungua uvimbe ndani ya wiki mbili. Moyo haukupona, na daktari hakubadilisha maneno yake. Lakini walipata mwaka mmoja na miezi minne jikoni humo, wakigombana juu ya vitunguu, na mara nyingi aliyeshinda alikuwa yule aliyeketi kitini.