Mtaro wa Korongoni

Fimbo iligota kwenye bomba mapema mno. Maftaha aliichomoa, akasogea hatua tatu, akaichomeka tena katika udongo mlaini uliofukiwa jana. Ikagota vilevile. Alama ya mita moja, aliyoichonga kwa kisu siku mhandisi wa wilaya alipomfundisha yeye na wenzake wa kamati ya maji kukagua mtaro, ilibaki juu, karibu na kiuno chake.

"Unatafuta nini huko, mama?"

Alishtuka. Modesti, msimamizi wa mkandarasi, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Napima, baba. Kule kijijini mmechimba mita kamili. Hapa korongoni haifiki hata nusu."

"Hapa kuna mwamba."

Maftaha aliichomeka fimbo kando ya bomba. Ikazama yote, hadi kwenye alama.

Modesti hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Kesho tunakabidhi mradi. Wewe ndiye unayesaini kwa niaba ya wananchi. Usiposaini, napakia vifaa vyangu naondoka. Na wanawake wenzako nitawaambia ni nani aliyewarudisha mtoni."

Mtoni. Neno hilo lilimfuata katikati ya mikorosho mpaka nyumbani. Mwaka jana jirani yake, Ziada, aliinama kujaza ndoo, mamba akamvuta. Walitafuta siku mbili. Walichozika ni khanga.

Nusaiba, mke wa mwanawe, alikuwa uani akimenya muhogo, mimba yake ya miezi saba ikimlazimu kukaa upande.

"Mama, kesho ndiyo maji yanafunguliwa?"

"Inshallah."

"Afadhali. Leo nimeona mapovu pale tunapochotea. Nimekimbia, nikaacha ndoo hukohuko."

Maftaha aliketi ghafla kama aliyesukumwa. Alilijua korongo lile tangu utotoni. Masika likijaa hubeba magogo, hung'oa miti na mizizi yake. Bomba lililofukiwa juujuu halingemaliza hata mvua za mwanzo. Na mradi ukishakabidhiwa, nani angerudi kulifukia upya? Lakini masika ilikuwa bado miezi miwili. Bila saini yake, Nusaiba angekwenda mtoni kesho.

Asubuhi watu walijaa kwenye kituo cha maji. Modesti alifungua koki. Maji yalitoka kwa kishindo, kwanza mekundu, kisha meupe, na wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakikinga kwa viganja na kujimwagia usoni. Nusaiba alikuwa ametanguliza ndoo mbili.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdulrahmani, alimsogezea Maftaha karatasi mezani. "Bado wewe tu, Bi Maftaha."

Alishika kalamu. Ncha iligusa karatasi, ikaacha doa kabla ya kuandika lolote. Modesti alikuwa akimtazama. Mhandisi naye, kijana mwenye miwani, alikuwa akiangalia saa.

"Sisaini," alisema. Hakuna aliyesikia kwa sababu ya vigelegele, ikambidi arudie. "Sisaini! Kafukueni korongoni kwanza, mwone."

Vigelegele vikakatika.

Walikwenda korongoni, kijiji kizima nyuma yao. Jembe liliinuliwa mara tatu tu. Mara ya nne likagonga bomba. Mhandisi alichuchumaa, akapima kwa futi yake, akapima tena upande wa pili. Kisha akamgeukia Modesti.

"Funga maji. Mradi haukabidhiwi mpaka sehemu hii yote ichimbwe upya. Nakupa wiki tatu."

Modesti aliingia garini bila kusema atarudi lini, wala kama atarudi.

"Wiki tatu tutakunywa nini, Maftaha?" Mwanamke mmoja aliuliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi. Wanawake walimpita Maftaha mmoja mmoja, na Nusaiba alipita pamoja nao, ndoo zake zikiwa tupu, bila kumtazama.

Kesho yake, jua lilipochomoza, waliteremka mtoni kama kawaida, mstari mmoja. Maftaha alikuwa mbele. Walipofika ukingoni alivua ndala, akafunga khanga yake kwa nguvu.

"Mama, unakwenda wapi?" Nusaiba alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana.

"Chota, mwanangu. Chota upesi."

Aliingia majini mpaka magotini, akapita pale wanapochotea, akasimama upande wa kina. Matope yalikuwa baridi, yakimfyonza nyayo. Alisikia nyuma yake ndoo ya kwanza ikizama, ikigugumia, ikijaa. Kisha ya pili. Hakugeuka. Mbele yake maji yalikuwa yametulia, ya kahawia, hayaonyeshi chini.