Kiwiko cha Rael

Picha za kwaya ziliwekwa kwenye tovuti ya kanisa lao pale Olenguruone, lakini brauza ya Jebet, ile ya kubana data, ilimletea maandishi matupu.

"Yangu hufungua zote," jirani na mwanakwaya mwenzake, Rael, alijigamba, akificha simu kwenye leso. "Hiyo yako ni simu ama kibiriti?"

Wivu ukamkaba Jebet siku tatu. Siku ya nne akaenda kwa Rael na kitendawili.

"Nyumba yangu ina dirisha, lakini sioni nje."

"Ni simu yako," Rael akacheka.

"Basi niache nichungulie lako, dada."

Rael alisita kabla ya kuitoa simu yake. Katika kila picha Jebet alikuwa mbele, na nyuma ya kofia yake kubwa kilionekana kiwiko tu cha Rael.

"Jumapili ijayo, hiyo kofia uiache nyumbani," Rael alisema bila kumtazama.