Matone Mawili ya Dawa

Nina stashahada ya usafi wa majengo. Kazini wananiita Bi Dawa, kwa sababu sakafu nikishaipiga deki mimi, hata inzi hutua kwa adabu. Nilipojifungua binti, sikuona sababu ya kubadilisha mfumo. Nikabandika ratiba juu ya beseni lake: kila nepi ikibadilishwa, sabuni, kisha maji yenye matone mawili ya dawa ya kuua vijidudu, kisha poda. Anayemsafisha atie sahihi.

Mama mkwe alikuja kunisaidia ulezi. Aliisoma ratiba, akasema mtoto huoshwa kwa maji ya vuguvugu, basi. Nikamjibu kwamba siku hizi mambo haya yanasomewa. Akachukua kalamu, akatia sahihi pale nilipomwonyesha.

Wiki ya tatu binti akaanza kulia kila akikojoa. Huko chini kulikuwa kwekundu, kumevimba. Mimi na stashahada yangu tukaongeza tone la tatu. Kisha nikapekua sahihi za wiki hiyo nimpate mzembe. Za mama mkwe zilikuwa nne, zangu arobaini na moja. Nikaamua kwamba zile nne ndizo zilizoharibu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa navunja la mtoto.

Kilio kilipozidi, nikaogopa ugonjwa umepanda hadi kwenye figo. Tukaenda kliniki wote watatu, ratiba nimeikunja kwenye pochi kama ushahidi wa mahakamani.

Muuguzi alimpima binti joto, akapeleka mkojo maabara, akaisoma ratiba mpaka mstari wa mwisho. Mkojo ulikuwa salama. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Basi dada, huyu si sakafu," akasema. "Maji matupu yanamtosha. Unamfuta kutoka mbele kwenda nyuma, unamkausha kwa kugusagusa, unamwacha wazi apate hewa. Hiyo dawa yako ndiyo inayomchoma."

Niligeuka nimwone mama mkwe akinicheka. Wala. Alikuwa ameinama, anampepea mjukuu wake kwa ile ratiba.

Siku ya nne baada ya kliniki, binti alikuwa amelala wazi juu ya taulo. Akakojoa, mkondo mrefu, huku akinikodolea macho. Hakulia.

"Mama," nikasema, "amekojoa."

"Nimeona."

Ratiba sikuibandika tena, ilibaki kalamu yake tu, inaning'inia ukutani kwa uzi. Mama mkwe akaishika.

"Haya, mwanangu. Nitie sahihi wapi?"