Dole Gumba Lilikuwa Ndani

Jumanne saa nne asubuhi, Bwana Agbenyega, mkuu wa ofisi ya usajili wa vizazi, alifungua kwenye kompyuta ya ofisi barua pepe iliyodai kuwa ni orodha ya michango ya mazishi ya mama mkwe wake. Orodha haikuwamo. Kabla chai yake haijapoa, mafaili yote ya wilaya yalikuwa yamefungwa, na wezi wa mtandaoni walioyafunga wakaandika kwa adabu kwamba ufunguo wanao wao na bei itafuata.

Dzigbordi, karani wa kumbukumbu, aligeukia diski ya akiba yenye nakala za mafaili. Ilikuwa imechomekwa palepale, nayo imefungwa. Kwa miaka mitatu alikuwa akiomba ichomolewe kila jioni iwekwe kabatini. Bosi hakutaka, maana humo alihifadhi video za misiba ya ukoo, na alipenda kuzitazama akila.

“Daavi, dada yangu, kwa kulalamika hujambo,” humwambia. “Nani aje kutuibia huku? Mbuzi?”

Ilipofika saa sita, kila aliyeandikishwa kwenye mafaili yale mikono yake ilikunja ngumi, ikakataa kukunjuka. Haikuuma. Fundi cherehani alifunga duka. Afi muuza ugali wa akple alilishwa na mumewe, na mumewe akalishwa na mama yake, aliyezaliwa kabla ofisi haijajengwa. Watoto wachanga hawakuonekana tofauti.

Dzigbordi naye alizaliwa mji ule. Alifungua mlango kwa kiwiko, akaendelea na kazi.

Bwana Agbenyega alikuwa akimenya chungwa. Vidole vyake kumi vilikuwa huru, vya mkewe pia, na vya watoto wao wanne. Mwaka uliopita alimwagiza Dzigbordi anakili mafaili ya familia yake kwenye flashi, akaenda kuifungia nyumbani. Kumbe alijua! Miaka yote ile ya kumcheka alijua, akakinga watu sita na wilaya nzima akaiacha wazi, na leo anatema kokwa bila haya.

Ijumaa afisa wa makao makuu alileta barua. Ilisema Dzigbordi amekiri uzembe na amefutwa kazi.

“Saini, Daavi, yaishe,” alisema Bwana Agbenyega.

“Bosi, ile barua pepe umeifungua wewe.”

“Sasa unataka nifukuzwe mimi mwenye watoto?”

“Na wangu ni kuku?”

Watu waliopanga foleni nje walisikia kila neno. Palikuwa na ngumi zaidi ya mia mbili pale, na hakuna hata moja iliyoinuka.

Afisa alimpa Dzigbordi kalamu, ikaanguka. Akatoa pedi ya wino, akasema dole gumba litatosha. Dole gumba lilikuwa ndani ya ngumi, pamoja na vidole vingine. Afisa akatazama saa.

Bwana Agbenyega alijifuta maji ya chungwa kwenye suruali, akaiokota kalamu, akamsainia.